Mwalimu wa Matuta na Uji wa Mong'ina

Haya nilisimuliwa na Nyanchera, mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza mahindi yote, tumeketi nje ya jiko lake tukichambua mnavu. Yeye aliyaona kwa macho yake huko Manga, katika milima ya Kisii, miaka minane nyuma, yaani mwaka wa hamsini. Alikuwa akiuza ndizi sokoni, na mahali pake palipakana na pa Mong'ina, muuza uji. "Nitakuambia yote," alisema, "hata yale yanayoniaibisha mimi." Nami nayaandika yote.

Siku hizo serikali ilikuwa imeshikwa na wazimu wa matuta. Kila shamba la mlimani lilitakiwa lichimbwe matuta ya kuzuia udongo usiteremke na mvua, na kila mlima ulikuwa na mwalimu wake. Wa Manga aliitwa Thadeus. Alivaa kaptula ya kaki na kofia ya serikali, na mkononi alishika fimbo ndefu ya kuonyeshea watu pa kuchimba. Jembe lenyewe hakuwa amelishika kwa miaka sita. Kitambi chake kilimtangulia popote alipokwenda. Watu walikiona kikikunja kona ya njia, wakaweka maji ya ugali motoni, ndipo baadaye wakamwona mwenyewe.

Kukawa na siku moja Bwana Shamba mpya alipokuja kukagua. Alikuwa Mzungu kijana, mwembamba kama mwanzi. Alipanda mlima wa Manga mbio mbio, akafika juu, akageuka kumwangalia mwalimu wake. Thadeus alikuwa bado katikati, chini kidogo ya jiwe kubwa. Mbele yake mtu mmoja alimvuta kwa fimbo yake mwenyewe. Nyuma, Ogari, mkulima mwenye mabega mapana, alikuwa ameweka bega lake chini ya matako ya mwalimu na kusukuma kama mtu anayepandisha gunia la wimbi kwenye dari.

"Sukuma, lakini kwa heshima," Thadeus alisema, akitweta.

"Heshima ni kitu gani," akajibu Ogari, "na mimi pua yangu iko hapa?"

Wakulima walicheka. Bwana Shamba hakucheka. Alingoja Thadeus afike, akamtazama kutoka kofia hadi viatu, akasema kwa Kiswahili chake:

"Wewe nafundisha watu, ama watu nabeba wewe?"

"Bwana, njia ilikuwa na utelezi."

"Mvua hapana nyesha wiki mbili." Akatoa saa mfukoni. "Mwezi ya saba, tarehe moja, walimu yote napanda hapa. Kutoka mtoni mpaka juu. Dakika arobaini. Nani nashindwa, narudisha fimbo, narudisha nyumba, narudisha kaptula."

"Hapa hapa, Bwana?" akauliza Thadeus, mkono kwenye mshipi.

Kicheko kilichofuata, Nyanchera alisema, kilisikika mpaka sokoni.

Nyumba aliyotajiwa ilikuwa ya mabati, ya serikali, yenye dirisha la kioo. Jioni ile ile Manasseh alipita hapo. Manasseh alikuwa mwalimu wa mlima wa jirani, mtu wa mifupa na mishipa, ambaye bado alilala katika jiko la mama yake. Alisimama uani akiangalia juu.

"Hili bati la pembeni, mvua ikinyesha linavuja?" akauliza.

"Kwa nini?" Bathsheba, mke wa Thadeus, akamwuliza.

"Nauliza tu, mama."

"Kaulize jiko la mama yako."

Manasseh alipoondoka, Bathsheba alimweka mumewe kwenye kigoda, akamzunguka pole pole kama mtu anayetaka kununua fahali na hana haraka. Mshipi wa Thadeus ulikuwa umekwisha matundu zamani. Sasa ulikuwa umeungwa kwa ukambaa wa mgomba.

"Unaangalia nini?" akauliza Thadeus.

"Natafuta mahali pa kuanzia kufyeka. Baba Esnah, mimi nakupikia jioni peke yake. Kitambi hiki si changu. Nani anakulisha?"

Thadeus akajikuna. Ikabidi aseme. Asubuhi, uji wa wimbi kwa mzee wa pale kisimani. Saa nne, viazi vitamu na mtindi kwa jirani wa mzee, maana angesikia kwamba kwa mzee amekunywa. Adhuhuri, ugali na kuku mahali popote atakapokutwa na adhuhuri. Halafu ndizi. Halafu ugali wa pili kwa yule ambaye kuku wake alikuwa bado hajaiva wakati wa kwanza.

"Mungu wangu! Na unavikubali vyote?"

"Nitakataaje? Mama Esnah, wewe ni mtoto wa hapa. Mtu akikataa chakula nyumbani kwa mtu, amesema nini?"

Bathsheba alijua. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni akaona ni safi, akala. Asipokula baada ya hapo, ametamka kwa kinywa kilichofungwa kwamba nyumba hiyo ina sumu.

"Sema umefunga," akasema mwishowe.

"Hayo ni mambo yenu Wasabato."

"Basi funga Kikatoliki. Lakini funga."

*

Alifunga siku mbili. Siku ya kwanza wenyeji walimwuliza ni nani amefariki. Siku ya pili mzee mmoja alimwambia kwamba padri mwenyewe alipita hapo jana na akala paja. Thadeus akaliacha wazo hilo, akaenda zahanati, akapewa haluli ya kuendesha tumbo.

Haluli ni dawa isiyopiga hodi. Katika shamba moja pale Manga kulikuwa na tuta lililoenda moja kwa moja, zuri kabisa, halafu likapinda ghafla kuelekea migombani. Hapo, Nyanchera alisema, ndipo haluli ilipomkuta mwalimu na kamba ya kupimia mkononi, na wachimbaji wakafuata kamba wakidhani ndiyo elimu mpya.

Lakini kaptula ilianza kulegea. Na siku hiyo kaptula ilipolegea, Thadeus alifika kwa Mong'ina.

Mong'ina alikuwa mjane. Watoto wake wote walikuwa mabinti, wameolewa mbali. Ogari, yule mwenye mabega, alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na migomba ya Mong'ina ilikuwa imepakana na yake kwa namna iliyomkosesha usingizi. Mama huyo aliishi kwa uji. Kila siku ya soko alibeba chungu cha uji wa wimbi uliochachuka vizuri, na mpaka saa saba kilikuwa kitupu.

Alikuwa na kuku mmoja aliyenona. Mwalimu hakuwa amemtembelea tangu mwaka uliopita, alipomwamuru achimbe matuta manne, naye akachimba nusu ya moja, mgongo ukakataa. Kwa hiyo alimchinja yule kuku ili mwalimu asimshtaki. Akamwandalia, akakata kipande, akakila mwenyewe mbele yake. Ogari alikuwa ameketi mlangoni, ameitwa na harufu.

"Karibu, mwanangu," akasema Mong'ina.

Mate yalimjaa Thadeus mdomoni. Tumbo lilimlilia. Akakumbuka saa ya Bwana Shamba, akakumbuka shingo ya Manasseh ikichungulia mabati.

"Asante, mama. Leo sitakula."

"Umeshiba?"

"Hapana."

"U mgonjwa?"

"Hapana, mama. Sitaki tu."

Mong'ina alimega kipande cha pili, akakila pole pole, macho kwa mwalimu. Akamega cha tatu.

"Onja hata chumvi ya kwangu kwenye ulimi tu," akasema.

"Nimechelewa, mama," akasema Thadeus, akachukua fimbo yake akatoka. Alijisifu njia nzima. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameshinda paja la kuku.

*

Siku ya soko iliyofuata, chungu cha Mong'ina kilijaa asubuhi, kikajaa adhuhuri, na jioni kikajaa. Watu waliokuwa wakinywa kwake miaka yote walipita wakiangalia mawingu. Ogari alikuwa amezunguka soko zima tangu alfajiri.

"Mimi sisemi kitu," alikuwa akisema. "Nasema tu mwalimu ni mtu wa serikali, amesoma, na amekataa. Mkamtazame mwenyewe. Anayeyuka kama mafuta ya ng'ombe motoni."

Na kweli alikuwa anayeyuka. Kila tundu jipya la mshipi lilikuwa shahidi dhidi ya Mong'ina.

"Na wewe?" nilimwuliza Nyanchera. "Wewe ulikuwa karibu naye."

"Mimi nilikuwa na kiu," akajibu Nyanchera, akiangalia mnavu. "Nikaenda kunywa maji mtoni."

Bathsheba alikuja sokoni saa tisa kununua sabuni. Wanawake wakampisha njia, wakamwambia pole kama mfiwa. Mmoja akamnong'oneza kwamba apeleke mume kwa mganga kabla hajaisha, na kwamba ukoo utakutana mwezi ukiandama, Mong'ina arudishwe kwao alikozaliwa. Mwingine akasema pole pole, ila kwa sauti ya kutosha, kwamba labda sumu si ya Mong'ina, labda kuna mwanamke amechoka kupikia mumewe. Bathsheba alimwona Mong'ina akijitwika chungu chake kilichojaa. Alijitwika peke yake. Hakuna aliyeinua mkono kumsaidia, na uji ulimwagikia shingoni.

Thadeus alikuwa uani akijipima mshipi aliporudi mkewe.

"Tazama, Mama Esnah! Matundu mawili!"

"Natazama." Akaweka sabuni chini. "Unakonda vizuri. Unakondea juu ya kichwa cha mjane."

Akamweleza yote. Thadeus akakaa kwenye kigoda, na mara hii kigoda hakikulia.

"Mimi sikusema ana sumu."

"Ulikataa baada ya yeye kuonja. Mara tatu alionja! Ungesema nini zaidi?"

"Nitakwenda kesho. Nitakula. Nitakula mbele ya watu wote, hata kuku wawili."

"Na tarehe moja?"

Zilibaki wiki tatu. Thadeus akaangalia mabati yake.

*

Alikwenda asubuhi, amejitayarisha kwa ukarimu. Ogari alimwona akipita, akamfuata. Nyanchera na wengine wakajikuta wana shughuli karibu na ua wa Mong'ina.

"Mama, nimekuja kula," Thadeus akasema kwa sauti kubwa.

Mong'ina alikuwa akipeta wimbi. Hakuinua kichwa.

"Sijapika."

"Nitangoja."

"Sipiki. Kuku niliyekuwa naye uliwaachia nzi. Unafikiri mimi ni hoteli ya Kisii mjini, unaingia unapotaka?"

Watu wakaguna kwa furaha. Thadeus akavua kofia.

"Mama, nimekukosea. Wanataka kukufukuza kwa sababu ya tumbo langu. Nipe chochote nile, waone."

Mong'ina akaweka ungo chini, akasimama, akaingia ndani. Alipotoka hakuwa na bakuli. Alikuwa na jembe. Akalitupa miguuni pa mwalimu.

"Kwangu asiyelima hali. Mwaka jana uliniagiza matuta manne kwa ncha ya fimbo. Nionyeshe yanavyochimbwa. Nimesahau."

Ogari alicheka mpaka akashika mti. Thadeus akaliangalia lile jembe kama mtu anayemwona shemeji aliyemkimbia. Halafu akaliinua.

Siku hiyo alichimba hatua sita. Viganja vilitoa malengelenge, yakapasuka. Alipumzika kila baada ya mapigo kumi, na kila alipopumzika, Mong'ina kutoka kivulini aliuliza, "Ndivyo kitabu kinavyosema?" Jua lilipokuwa utosini mama akampa bakuli moja la ugali wa wimbi na mboga chungu. Bakuli moja. Akaonja, akampa. Thadeus akala mbele ya watu, na Nyanchera aliapa kwamba hakupata kumwona mtu akila vile, machozi na makamasi na wimbi vyote pamoja.

"Niongeze, mama."

"Uongezewe kwa hatua sita? Chimba."

Akarudi kesho. Na kesho kutwa. Kila mtu aliyekuwa mwenyeji wake mlima mzima sasa alimkuta mtaroni, na mtu aliye mtaroni hakaribishwi viazi, hupewa maji. Walipomkaribisha jioni alisema, "Nitakula, lakini nipe kwanza kazi," nao wakampa, tena kwa mikono miwili. Huyu jembe, yule shoka, mwingine kisima cha kuzibua. Hakuna aliyeweza kusema amekataliwa. Akala kila mahali, lakini alikula alichokilimia, akiwa na njaa ya kweli, na njaa ya kweli ikishiba inajua. Akaitupa haluli shimoni.

Kulikuwa na shida moja tu. Alizidi kukonda.

"Mnaona?" Ogari akawaambia watu mtaroni. "Anakula kwa Mong'ina kila siku na bado anaisha! Hii ni dawa ya pole pole, mbaya zaidi!"

Bathsheba alikuwa amemletea mumewe maji. Akamgeukia.

"Ogari, tarehe moja utakuwa wapi?"

"Pale pale mlimani. Nataka kumwona akianguka."

"Vizuri. Mong'ina naye ataleta uji. Mume wangu atakunywa pale mtoni mbele yenu, halafu apande. Akianguka, fukuzeni mama mkongwe, na sisi tutamfuata na masufuria yetu. Akifika juu, wewe utakunywa uji huo mbele ya soko zima, na ukome."

Thadeus alisimamisha jembe hewani. "Mama Esnah, si tungeshauriana?"

"Wewe chimba."

*

Tarehe moja mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, watu walijaa ukingoni mwa mto kuliko siku ya soko. Bwana Shamba alisimama juu, na karani wake chini na kitambaa cheupe. Walimu watano walijipanga. Manasseh alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja, halafu mwingine.

"Nimeleta kamba," akamwambia Thadeus. "Ya kupimia dirisha."

Mong'ina akasogea na kata ya uji. Akaonja. Akamwangalia Thadeus, na kwa sauti ambayo Nyanchera peke yake aliisikia, akasema, "Usinywe yote, mwanangu. Ni mwinuko."

Thadeus aliinua kata akanywa yote. Akaigeuza chini juu mbele ya Ogari, tone la mwisho likaangukia kiatu.

Kitambaa kikashuka.

Manasseh aliondoka kama swala. Walimu wengine wakamfuata. Thadeus alianza pole, hatua ya mtu anayekwenda na jembe begani, shamba ni refu na siku ni ndefu. Uji ulimcheza tumboni. Ogari alipanda kando yake, akimwangalia usoni kama mtu anayengoja chungu kichemke.

"Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nasikia wewe tu."

Chini ya jiwe kubwa, mahali pale pale pa aibu, miguu ilianza kuwaka. Aliteleza, akapiga goti. Chini watu wakapiga kelele. Mong'ina alifunika uso na kanga yake. Thadeus akabaki hapo, mikono kwenye udongo, akihema. Karibu na vidole vyake palikuwa na tuta la jirani, ambalo yeye mwenyewe alilizibua wiki iliyopita ili apewe viazi. Akalishika ukingo.

Ogari, kwa mazoea, alikuwa tayari amekuja nyuma ameinamisha bega.

"Ogari!" Thadeus akanguruma. "Leo uyaache matako yangu!"

Akasimama. Akapanda. Alifika juu wa mwisho kati ya watano, Manasseh amekwisha kupumzika na kukauka jasho. Bwana Shamba aliangalia saa, akamwangalia Thadeus, akaangalia saa tena.

"Dakika thelathini na tisa," akasema, kama aliyeibiwa. Halafu akashika mkono wa Thadeus akaugeuza. Kiganja kilikuwa na sugu tano za manjano. "Hii nini?"

"Elimu, Bwana," akajibu Thadeus, halafu akatapika uji wote kando ya kiatu cha serikali.

"Ameutapika!" Ogari akaanza. "Mmeona? Sumu—"

Bathsheba alikuwa amepanda nyuma yao na chungu kichwani, na umati wa mtoni ukimfuata. Akachota kata, akaonja, akamwekea Ogari mkononi.

"Kunywa, shemeji. Umepanda mlima. Kama na wewe hutatapika, basi sumu inachagua wanaokimbia."

Watu wote wakamtazama. Ogari akanywa. Akameza kwa shida, akangoja. Hakuna kilichotokea, isipokuwa alicheua. Halafu, kwa kuwa alikuwa kweli na kiu, akaomba kata ya pili.

*

Chungu kilirudi nyumbani kitupu. Nyanchera mwenyewe alikunywa mara mbili, na mara ya pili alimsaidia Mong'ina kujitwika. Ukoo ulikutana mwezi ulipoandama, ukazungumzia ng'ombe wa mtu mwingine.

Kitambi cha Thadeus hakikuisha kabisa. Kilibaki kidogo, cha heshima, kisichohitaji ukambaa. Siku ile ile ya mlima alirudi nyumbani na jua bado liko juu ya Manga, akala bakuli moja la ugali, akatafuta la pili kwa macho, akasinzia kabla hajalipata, kofia kichwani. Bathsheba alimvua viatu, akaangalia bati la pembeni, ambalo kwa kweli linavuja, akacheka peke yake, akajilaza kando yake.

Wa mwisho kulala alikuwa Mong'ina. Aliosha chungu chake. Kilikuwa kimelambwa hata hakikuhitaji maji, lakini alikiosha, akakikausha, akakigeuza chini juu mlangoni mahali ambapo kila apitaye angekiona kitupu. Akaketi karibu nacho mpaka giza lilipoingia. Halafu akajinyoosha kwenye ngozi yake ya kulalia, akavuta blanketi, na kabla Nyanchera, aliyekuwa akipita na ndizi zake, hajamaliza kumwambia usiku mwema, mama alikuwa tayari anakoroma.